Yatima na Adeke

Mahubiri kwa wasemao Kiswahili mjini Durban, na kwa jamaa zetu tuliowaacha nyumbani
Neno la msingi: Kutoka 2:1–10



Tuna methali moja ninayotaka leo tuilete mbele ya Neno la Mungu tuipime. Wazee walisema: yatima hadeki. Fupi, kavu kama kuni. Maana yake tunaijua tangu utotoni. Asiye na baba wala mama asinune uji ukichelewa. Asichague mboga. Asijibwage chini akitaka kubebwa, maana atabebwa na nani? Kudeka ni haki ya mwenye kwao. Yatima ale alichowekewa, ashukuru, ashike ufagio.

Wazee hawakusema uongo. Waliiona dunia ilivyo wakaisema. Dhambi ni yetu sisi tuliosikia habari za dunia tukazifanya sheria ya nyumba zetu, na baya zaidi, tukazifanya sheria ya nyumba za Mungu.

Desemba moja kundi letu la ibada lilikodi teksi mbili, hizi gari ambazo Dar wangeziita daladala na Mombasa matatu. Tukapanda barabara ya zamani ya kwenda Pietermaritzburg hadi Botha's Hill, kule kwenye Bonde la Vilima Elfu, kuzuru nyumba moja ya watoto inayoendeshwa na kanisa. Tulibeba mchele, mafuta, biskuti, wanasesere, na bango kubwa lenye jina la kundi letu. Bango lile, ndugu zangu, lilikuwa zito kuliko mchele.

Tukawapanga watoto mstari. Tukaimba. Tukapiga picha, na ambaye hakutabasamu tukampiga tena. Wakati wa chakula mtoto mmoja wa miaka kama saba akaisukuma sahani yake. Hataki maharage. Akakunja mikono, akavimbisha mashavu, akageukia ukutani. Dada mmoja wa kwetu akamnong'oneza mwenzake: "Hawa wamedekezwa. Wangejua wenzao wanalala njaa!" Sikumkemea, kwa sababu alikuwa ametamka yaliyokuwa moyoni mwangu.

Mama mlezi wa nyumba ile ni mama wa Kizulu, mwenye aproni iliyofifia kwa kufuliwa. Kiswahili hakijui, lakini uso wa kulaumu hauhitaji mkalimani. Akatusogelea, akatueleza taratibu kwa Kiingereza. Mtoto huyu alipoletwa, miaka miwili nyuma, alikula kila alichopewa. Alikula hata kilichomwagika sakafuni. Alimwamkia kila mtu, alishukuru kwa kila kitu, hakulia hata alipochomwa sindano. Wageni walimpenda mno: mtoto gani huyu mwenye adabu! Siku moja mama akavuta buti la mvua la mtoto kutoka chini ya kitanda ili alifute tope, akaona ni zito. Ndani mlikuwa na vipande vya mkate, vimekauka kama vigae, vingine vimeota ukungu. Mtoto alikuwa akijiwekea akiba, kwa maana hakuamini kwamba kesho patapikwa tena.

"Leo amekataa maharage," mama yule akasema, na macho yake yakacheka. "Leo anajua kesho patapikwa."

Niliteremka vilima vile kimya. Tulikwenda kuwafundisha watoto shukrani, na mtoto wa miaka saba akanifundisha imani. Imani ni kununa mezani pa baba yako ukiwa na hakika kwamba hatakufukuza.

Basi neno langu leo ni moja, na mengine yote ni matawi yake. Nyumba ya watoto inayojiita ya Mungu haipimwi kwa idadi ya vitanda, wala kwa rangi ya ukuta, wala kwa uzuri wa kwaya yake. Ipimwe hivi: je, humo yatima anadeka?

Mtoto aliyelia mtoni

Fungueni Kutoka sura ya pili. Farao ametoa amri ya kuua. Mama wa Kiebrania amemficha mwanawe miezi mitatu, hawezi tena. Anasuka kisafina cha mafunjo, anakipaka lami, anamlaza mtoto, anakiweka penye majani kando ya mto. Dada wa mtoto anasimama mbali aone litakalokuwa. Binti Farao anashuka kuoga, anakiona, anakifungua.

Sasa angalieni mtoto anafanya nini. Analia! Katika nchi ambayo sauti yake ni hukumu ya kifo, kitoto kinalia kwa nguvu zote, na kilio hicho ndicho kinachoufungua moyo wa binti mfalme. Binti Farao hakuonyeshwa mtoto aliyefundishwa wimbo wa kukaribisha wageni. Hakuomba kwanza asifiwe. Alisikia kilio akahurumia.

Endeleeni kusoma. Dada anatokea majanini, anauliza kama aende akaite mlezi miongoni mwa Waebrania. Anaambiwa aende. Naye anamwita nani? Anamwita mama mzazi wa mtoto! Binti Farao anampa mama huyo kazi ya kumnyonyesha, tena kwa mshahara.

Nimehubiri kifungu hiki miaka mingi nikiishia kwenye kisafina. Leo nataka tusimame kwenye mshahara. Mwenye mali, mwenye jumba, mwenye watumishi, alimlipa mama maskini ili amlee mwanawe mwenyewe, nyumbani kwao, kwa lugha yao, kwa nyimbo zao. Jumba la mfalme lilikuja baadaye. Kwanza ulikuja ujira wa mama. Mtoto huyo, Musa, aliyekuja kuwaongoza watu wake, aliwajua watu wake, kwa sababu alinyonya kwao.

Watoto wengi tunaowaita yatima wana mtu. Kuna bibi kule Inanda, kuna shangazi Umlazi, kuna mama mgonjwa, kuna kaka aliyeacha shule. Kilichowatenganisha mara nyingi ni gunia la unga, nauli ya hospitali, kodi ya chumba. Ukimjengea mtoto wa namna hiyo ghorofa huku bibi yake akifa njaa kilomita tano kutoka hapo, umemwokoa nini? Umemfanya yatima mara ya pili.

Durban ilitulea

Najua mtakachosema. "Mchungaji, sisi ni wageni hapa. Watoto wa Wazulu watalelewa na Wazulu." Nawajibu kwa historia, maana Mungu hutupa historia ili tusijidanganye.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini na kuwatoa watu waliofungwa humo. Lakini watu hao waende wapi, wakati makwao kulikwisha kuchomwa moto? Wengine walipelekwa kwa mapadri wa Bagamoyo, waliokuwa wakiwalea watoto waliokombolewa tangu 1868. Wengine Mbweni, Unguja. Baadaye wengine Freretown, Mombasa. Sikieni hilo vizuri: kwenye pwani yetu, nyumba za watoto za watu wa dini zilianza kwa ajili ya watoto wetu wenyewe walioshushwa majahazini.

Na wengine, Agosti 1873, waliletwa hapa. Meli iliyoitwa Briton iliingia bandari ya Durban ikiwa na watu zaidi ya 100 kutoka Unguja, wengi wao wenye asili ya Kimakua, na watoto miongoni mwao. Waliitwa watu huru, lakini walifungwa mkataba wa kazi wa miaka 5. Mji ukawaita Wazanzibari. Hawakuwa na mtu. Jamii ya msikiti wa Juma Musjid wa Grey Street, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ikawapatia ardhi pale King's Rest, Bluff. Wakapata mahali pa kusali, pa kulima, pa kufundisha watoto, pa kuzikana. Wakawa na kwao.

Kisha ukaja ubaguzi wa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakang'olewa Bluff wakatupwa Chatsworth, na serikali ikahangaika kuamua waandikwe watu wa aina gani. Wajukuu wao wapo mpaka leo, na mpaka leo wanaitwa Wazanzibari.

Wapendwa, waliowapa ardhi hawakuwa wa kabila lao wala wa nchi yao. Mji huu uliwalea watu wa pwani yetu miaka mingi kabla wewe hujashuka basi ukitokea Bukavu, Uvira, Kigoma au Mombasa. Tunadaiwa. Na dawa ya deni ni kulipa.

Mwingine anasema: "Lakini wenyeji hawa walitufukuza." Kweli. Sitakifunika kidonda hiki kwa Haleluya. 2008 tulipigwa. Aprili 2015 tulikimbia Isipingo na nguo za mwilini, maduka yetu yakaporwa, tukalala kwenye mahema. Wengine tulilala kwenye kambi ya Chatsworth, Chatsworth ile ile walikotupwa Wazanzibari. Lakini kumbuka pia nani alikuletea sufuria ya wali pale hemani. Walikuja watu wa makanisa. Walikuja Waislamu wa Gift of the Givers, shirika lililoanzishwa na daktari Imtiaz Sooliman mwaka 1992 huko Pietermaritzburg. Hawakukuuliza kibali chako. Na yule mtoto wa maharage mwaka 2015 hakuwa amezaliwa. Utamtoza yeye deni la waliokupiga?

Mji uliozika wazazi

Anayetaka kujua kwa nini vilima hivi vina nyumba nyingi za watoto asome makaburi. KwaZulu-Natal ni jimbo lililoumizwa na UKIMWI kuliko mengine yote ya Afrika Kusini. Julai 2000 dunia ilikusanyika hapa Durban kwa mkutano mkuu wa UKIMWI, na mbele ya wakubwa wote akasimama mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, mwembamba ndani ya suti. Alizaliwa na virusi. Mama yake mzazi aliugua akashindwa kumlea, na mama mwingine akamchukua. Alizungumza, dunia ikalia. Tarehe 1 Juni 2001 akafariki. Ni mwaka 2002 ndipo Mahakama ya Katiba ilipoiamuru serikali itoe dawa za kuwakinga watoto wachanga wasiambukizwe na mama zao, na ni 2004 ndipo dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa katika hospitali za umma. Katikati ya kilio cha mtoto na dawa, wazazi walizikwa kila Jumamosi.

Nani aliyesimama pengoni? Mabibi. Kwa Kizulu bibi ni gogo, na gogo ndiye aliyekuwa wizara ya ustawi wa jamii kabla wizara haijafika. Kwenye vilima hivi hivi Zodwa Mqadi, aliyeitwa Gogo na watoto wote, aliongoza nyumba iliyoitwa Agape, na kwaya ya watoto wake ikajulikana duniani kwa filamu ya mwaka 2006, We Are Together.

Na Mkristo asidhani huruma ilianza kwake. Wahindu wa Arya Samaj walifungua hapa Durban mwaka 1921 nyumba ya wazee na watoto wasio na mtu, Aryan Benevolent Home. Waislamu wakaanzisha Darul Yatama wal Masakeen mwaka 1934. Katikati ya mji, kanisa kuu la Emmanuel na msikiti wa Juma Musjid ni majirani, kengele na adhana zinapishana juu ya wachuuzi wa soko la Warwick. Yakobo ameandika kwamba dini safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Hakuandika kwamba tutashindanishwa na nani, lakini siku ya hukumu nisingependa kusimama nyuma ya jirani yangu wa msikitini nikiwa na bango tu mkononi.

Imani inayofuliwa kwa mkono

Sasa niwapeleke tena kilimani, siku isiyo ya Krismasi. Jumanne ya Julai, baridi inatoka bondeni kama moshi.

Saa kumi na moja alfajiri mama mlezi ameshawasha jiko. Mtoto mmoja amekojoa kitandani. Mama anakunja shuka bila neno, anampa beseni la maji ya moto, wenzake wasijue. Hayo ni mahubiri ya kwanza ya siku. Kisha uji, kisha viatu. Ndugu, viatu! Kumi na viwili vyeusi vimepangwa mlangoni, kimoja kimepasuka, na mwenye kiatu hicho amejificha chooni kwa sababu leo kuna mtihani na atachekwa. Nani atatafuta gundi saa kumi na mbili asubuhi? Kuna karatasi ya shule inayotaka sahihi ya mzazi. Kuna msichana aliyeanza siku zake usiku, ana hofu, hana wa kumwambia ila mama huyu. Wakishaondoka, nguo zinafuliwa kwa mkono, kwa maana mashine imekufa, na kamba ya nguo inainama kwa soksi nyeupe. Mchana simu: mmoja amepigana. Jioni phuthu na maziwa ya mgando, kisha hisabati, kisha vilio. Saa moja kamili, kengele ya simu inalia, na wanaomeza dawa wanameza, mama akiwatazama mpaka wafungue kinywa. Haruki hata siku moja, kwa sababu anajua virusi havina sikukuu.

Usiku ibada. Wanaimba kwa Kizulu, sauti tatu bila kufundishwa. Na yule wa maharage amelala mapajani mwa mama kabla ya Amina.

Hivyo ndivyo ufalme wa Mungu unavyofanana, wapendwa: gundi ya kiatu, shuka lililofuliwa kimya, kidonge cha saa moja. Sisi tunataka miujiza ya jukwaani. Mungu anatafuta mtu wa kufua soksi Jumanne.

Na mama huyo mnamlipa nini? Binti Farao alilipa mshahara! Sisi tunamwambia mama mlezi kwamba thawabu yake iko mbinguni, halafu anachoka, anaondoka, na mtoto aliyemzoea anampoteza mama mwingine tena. Kila mama anayeondoka kwa kukosa ujira ni msiba mpya katika nyumba ile. Anayetaka yatima adeke, kwanza amtunze anayedekewa.

Ukuta usiwe mrefu kuliko upendo

Kuna kosa jingine, na hili ni la wenye nyumba. Tunajenga ukuta, tunaweka geti na mlinzi. Ndani mna nyama siku ya Jumapili, mna vitabu, mna sare mpya. Nje, mita hamsini kutoka getini, gogo analea wajukuu sita kwa posho ya serikali, na wajukuu wale wanachungulia. Kijiji kikaanza kuuliza: ili mwanangu asome, lazima nimtupe? Na wapo waliojibu ndiyo.

Nyumba ya watoto iliyo kisiwa huzaa yatima. Iliyo kisima huwapunguza. Aprili 2022 mvua iliposomba nyumba na kuua zaidi ya watu 400 mkoani humu, mabomba yalivunjika na mitaa mingi ikakaa bila maji siku nyingi. Kwenye siku kama hiyo swali ni moja tu: mwenye tangi amelifungua au amelifunga? Mwenye kisima cha kuchimba aweke bomba nje ya ukuta. Mwenye bustani ya kabichi amfundishe jirani kulima yake. Mwenye ukumbi aruhusu watoto wa kijiji wafanyie humo kazi za shule mchana. Mwenye shule ya awali awapokee wa nje na wa ndani, wakae benchi moja, ili mtoto wa kituo aitwe jina lake na asiitwe "wa kituoni". Mwenye cherehani awaite mabibi washone sare, walipwe. Hapo kijiji kitailinda nyumba kuliko mlinzi wa geti. Mtu ni watu, tunasema sisi. Wazulu nao wana methali yao yenye maana hiyo hiyo.

Sheria ya nchi hii inaelekea huko huko. Sheria ya Watoto, namba 38 ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Aprili 2010, haimruhusu mtu kuokota mtoto na kumweka tu. Mahakama ya watoto ndiyo inayoamua, na amri yake kwa kawaida hudumu miaka 2. Kisha lazima iulizwe upya: je, hakuna wa kumlea nyumbani? Kenya nako, mwaka 2022, serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto vituoni na kuwarudisha kwenye familia. Rwanda ilitangulia. Wachungaji wenzangu, tusiogope kituo chetu kupungua watoto. Mganga mwema hafurahii foleni.

Kuna wengine ambao hawana pa kurudi. Wamo watoto wa kwetu humo, waliofika mpakani bila mzazi, wanaoota kwa Kiswahili na kuamka kwa Kizulu, bila cheti cha kuzaliwa. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 28, inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Lakini karatasi haiji yenyewe. Inahitaji mtu mzima wa kupanga foleni alfajiri, kurudishwa, na kupanga tena kesho yake. Mtoto hawezi kupanga foleni ile peke yake. Wewe uliyeipanga foleni hiyo kwa ajili yako mwenyewe unaijua njia.

Basi tufanye nini?

Kwanza, bango libaki nyumbani. Na kamera pia. Uso wa mtoto si risiti ya sadaka yako. Wewe usingekubali mgeni ampige picha mwanao akila, airushe duniani na maneno ya kumhurumia.

Pili, njooni tena. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo hujulikana kwa kurudi. Mtoto aliyeachwa anahesabu migongo inayoondoka. Afadhali usiende kabisa kuliko kwenda mara moja ukamwahidi kurudi. Miongoni mwetu wamo walimu wa hisabati kutoka Kivu wanaolinda magari katika maegesho ya Durban. Ndugu mwalimu, Mungu hajausahau ubao wako! Saa mbili kila Jumamosi, meza moja, watoto wanne, mwaka mzima. Mtaombwa mchunguzwe kwanza kama hamna rekodi ya kudhuru watoto. Mkubali kwa furaha; kuchunguzwa si kutukanwa. Mchungaji anayekataa kuchunguzwa asiguse kondoo.

Tatu, mtafuteni gogo. Ulizeni kituo: ni mtoto gani angeweza kurudi kwao kama bibi yake angepata unga, kitanda na sare? Kisha kundi letu libebe nyumba moja kama hiyo, kimya kimya, mwezi hadi mwezi. Huo ndio mshahara wa binti Farao.

Nne, msiwasahau wakubwa. Mtoto akitimiza miaka 18 mlango wa kituo huanza kufungwa nyuma yake. Anayesoma anaweza kuombewa abaki hadi 21, na kisha ni yeye na begi lake. Nani atamfundisha kupika kwa bajeti ya wiki? Atakwenda kwa nani Krismasi? Siku ya posa atasimamiwa na nani? Mafundi, chukueni mmoja karakana. Akina mama, wekeni sahani ya ziada kila Jumapili. Sahani ile ina nguvu kuliko mahubiri haya.

Tano, wako miongoni mwenu walio na chumba na moyo. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mkaulize njia ya kulea mtoto nyumbani kwenu. Esta alilelewa na binamu yake Mordekai, akaliokoa taifa. Hakuna aliyemwita Mordekai shujaa siku alipomsuka nywele.

Wapendwa, sisi wote ni watoto waliookotwa. Tulikuwa mbali tukaletwa karibu, tukapewa jina na mahali mezani. Na jinsi tunavyomsumbua Baba! Tunanuna mvua isiponyesha, tunanuna ikinyesha. Tunaisukuma sahani. Hajatufukuza. Tumedeka kwa Mungu miaka yote hii, halafu tunamwambia mtoto wa miaka saba kwamba yatima hadeki?

Jumamosi tunapanda tena Botha's Hill. Teksi zinaondoka saa mbili asubuhi. Bebeni maharage, gundi ya viatu na madaftari. Na mkimkuta mtoto amekunja mikono, amegeukia ukutani, hataki kula, msimkemee. Keti karibu naye, ngoja. Kisha jioni, ukirudi kwako, piga magoti ushukuru: nyumba ile Mungu yumo.

Amina.